Sanduku la Pikipiki ya Safari: Libuni Likae, Lisiibwe, Lisikuangushe

Anayesafiri kwa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ana zaidi ya kilomita 800 mbele yake. Atapita joto la Morogoro, atakatiza Hifadhi ya Mikumi, atapanda kona za Kitonga na kuingia kwenye baridi ya Makambako. Njiani atasimama kujaza mafuta, kula, kuswali na kulala. Mwenye gari hufunga milango akaenda zake. Mwenye pikipiki huacha nje kila alichonacho, kimefungwa kwa kamba za mpira, mbele ya macho ya kila mpita njia.

Ndiyo maana wasafiri wengi huamua kutengenezewa sanduku la chuma au alumini. Masanduku ya kiwandani yapo, lakini mengi yameundwa kwa ajili ya pikipiki kubwa za BMW, Honda au KTM. Mwenye Boxer au TVS ya cc 150 hapati kwa urahisi keria inayolingana na pikipiki yake. Mafundi wa kumfanyia kazi hiyo hawajakosekana. Kamukunji, Nairobi, mafundi hukunja bati mchana kutwa kutengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Gerezani, Dar es Salaam, chuma hukatwa, hukunjwa na kuchomelewa kila siku. Ujuzi upo. Mara nyingi kinachopungua ni mteja anayejua anachokitaka, mwenye vipimo mkononi.

Makala hii inakusudia kukupa vipimo hivyo na sababu zake. Watu wengi huanza na kufuli: hununua kubwa na zito, kisha humwambia fundi atengeneze sanduku la kulibeba. Huko ni kuanzia mwisho. Sanduku salama lina kazi mbili: kumchelewesha mwizi, na kutomwangusha dereva. Zote mbili huamuliwa na uzito, keria, bati na mfuniko, muda mrefu kabla kufuli halijanunuliwa. Kwa hiyo tutafuata mpangilio huo.

Pima mzigo kabla ya kupima bati

Tandaza chini kila kitu unachotaka kwenda nacho: nguo, koti la mvua, vifaa vya kuzibia pancha, tyubu ya akiba, spana, maji, chakula, na hema kama utalala porini. Weka vyote kwenye mizani na uandike jumla. Kisha fungua kitabu cha mwongozo cha pikipiki yako utafute uzito wa juu unaoruhusiwa. Huo ni uzito wa pikipiki, mafuta, watu na mizigo kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mwongozo unaruhusu kilo 300. Pikipiki ikiwa na mafuta ina kilo 145. Dereva pamoja na kofia ngumu, koti na buti ana kilo 85. Zinabaki kilo 70. Keria mpya na masanduku mawili matupu vinaweza kula kilo 15 kati ya hizo, hivyo mzigo wenyewe una nafasi ya kilo 55. Akipanda abiria wa kilo 60, umeshavuka kikomo kabla hujaweka hata shati moja ndani ya sanduku. Hesabu hii ndogo humlazimisha mtu achague: abiria au mizigo. Ni afadhali uchague ukiwa nyumbani kuliko kuja kuchaguliwa na kona ya Kitonga.

Zingatia pia mahali uzito unapokaa. Mzigo uliopita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hufanya kazi ya wenzo: hukandamiza nyuma na kuinua mbele. Gurudumu la mbele likipungukiwa uzito, usukani huwa mwepesi, breki ya mbele hupungua nguvu, na pikipiki huanza kutikisika kwa kasi. Kwa sababu hiyo vitu vizito, kama spana na maji, viwekwe chini, ndani ya masanduku ya pembeni, karibu na miguu ya abiria. Sanduku la juu, lile linalokaa nyuma ya kiti, libebe vitu vyepesi tu, kama nguo na koti la mvua. Uzito wa kulia na kushoto ulingane, usipishane zaidi ya kilo moja au mbili.

Umbo: anza na boksi la karatasi

Kwa pikipiki ya cc 150 hadi 250, sanduku la pembeni lenye urefu wa sentimita 42, upana wa 20 na kimo cha 36 hutosha safari ya siku kadhaa. Ujazo wake ni lita 30, na mawili ni lita 60. Wengi hutaka upana wa 30. Fikiria kwanza upana wa keria na ekzosi, halafu ongeza masanduku mawili. Pikipiki inaweza kuwa pana kuliko usukani wake. Dereva huzoea kupenya mahali ambapo usukani umepenya, na sanduku lililozidi usukani litagonga nguzo ya daraja au kioo cha gari kwenye foleni. Weka kanuni: upana wa nyuma usizidi upana wa usukani.

Kabla bati halijakatwa, chukua maboksi ya dukani, uyakate kwa vipimo hivyo na kuyafunga kwenye pikipiki kwa gundi ya karatasi. Kaa kwenye kiti. Simama juu ya vikanyagio. Piga kiki kama pikipiki yako ina kiki, uone kama mguu wako unagusa boksi. Mpandishe mtu kiti cha nyuma, aone magoti yake yanaenda wapi. Zunguka nyuma uangalie: taa ya breki, indiketa zote mbili na kibao cha namba vionekane vizuri, hata kwa mtu aliyesimama pembeni kidogo. Sanduku likiziba indiketa, ama lisogezwe ama indiketa zihamishiwe kwenye keria. Askari wa barabarani atakusimamisha kwa kibao kisichoonekana, na dereva wa lori hatakuona kwa indiketa iliyozibwa.

Kuna jambo moja ambalo boksi la karatasi huonyesha vizuri kuliko mchoro wowote. Keti, shusha mguu mmoja chini kama mtu anayeteleza kwenye mchanga, kisha isukume pikipiki mbele kidogo. Mguu wako utabaki nyuma na kisigino kitakutana na sanduku. Barabarani, kwa kasi, sanduku gumu humpata dereva nyuma ya muundi na kuubana mguu chini. Hii ni ajali inayojulikana sana kwa wanaoendesha kwenye mchanga na matope. Hivyo sogeza sanduku nyuma kadiri uzito unavyoruhusu, na kona yake ya mbele chini ikatwe kwa mshazari. Kama safari zako nyingi ni za mchanga na tope, acha masanduku ya pembeni kabisa utumie mifuko ya turubai. Chuma kigumu kinafaa kwa lami na kwa changarawe iliyoshindiliwa.

Keria ndiyo msingi

Kufuli bora haliwezi kusaidia kama keria imekatika katikati ya safari. Mwaka 2004, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walizunguka dunia kutoka London hadi New York kwa pikipiki kubwa za BMW zilizosheheni mizigo, na huko Mongolia pikipiki ya mpiga picha wao, Claudio von Planta, ilipasuka fremu. Pikipiki imara, uzito mwingi na barabara mbovu: hivyo vitatu vikikutana, chuma hushindwa. Mzigo wa kilo 10 uliotulia ni kilo 10. Ukirushwa kwenye tuta, nguvu yake juu ya keria huongezeka mara kadhaa, na hilo hujirudia maelfu ya mara kwa siku moja. Chuma hakivunjiki kwa pigo la kwanza. Huanza na ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi pembeni ya mahali palipochomelewa.

Tumia bomba la chuma la duara lenye kipenyo cha milimita 18 hadi 20 na unene wa milimita 2. Kila upande wa keria ushikwe mahali pasipopungua patatu: mbele karibu na kikanyagio cha abiria, juu karibu na mshikio wa nyuma, na nyuma kwa bomba la mlalo linalounganisha kulia na kushoto chini ya kibao cha namba. Bomba hilo la mlalo watu wengi hulisahau, na ndilo linalozuia masanduku mawili yasichezeane. Keria isishikwe kabisa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, kwa sababu mkono huo hupanda na kushuka pamoja na shokapu.

Karakanani utaletewa pendekezo la kuichomelea keria moja kwa moja kwenye fremu. Mazungumzo huwa hivi:

“Kaka, tukiichomelea hapa haitoki milele.”

“Hapo ndipo sitaki, fundi. Nataka itoke siku ikivunjika.”

Mteja ana sababu tatu. Kuchomelea hupasha chuma cha fremu na kukibadilisha nguvu, hasa fremu nyembamba ya pikipiki. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuharibu vifaa vya elektroniki vya pikipiki. Na keria iliyochomelewa ikikatika, fremu hukatika nayo. Keria ichomelewe ikiwa imetolewa, kisha ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo au kwa vibano. Ikilazimu kuchomelea kitu chochote kikiwa kwenye pikipiki, tenganisha betri kwanza.

Acha nafasi ya kutosha kati ya sanduku na ekzosi, sentimita tano au zaidi, na katikati yake weka bati dogo la kukinga joto. Hakikisha pia kwamba gurudumu la nyuma linaweza kutolewa bila kufungua keria yote. Pancha itakupata mahali pasipo na kivuli.

Bati gani?

Fundi atakuuliza: “Unataka geji ngapi, bosi?” Geji ni kipimo cha unene, na kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 20 ni kama milimita 0.9, geji 18 ni kama milimita 1.2, na geji 16 inakaribia milimita 1.6. Chuma kina uzito wa karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Kwa sanduku letu la lita 30, lenye eneo la bati la kama mita za mraba 0.61, hesabu ni hii:

- Chuma geji 18: karibu kilo 5.8.
- Chuma geji 20: karibu kilo 4.3.
- Alumini ya milimita 2: karibu kilo 3.3.
- Alumini ya milimita 1.5: karibu kilo 2.5.

Hapo bado bawaba, kufuli na mikunjo ya mfuniko. Jozi ya chuma cha geji 18 huzidi jozi ya alumini ya milimita 2 kwa kilo tano, sawa na lita tano za maji.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu. Ila hupinda kwa urahisi kuliko chuma cha unene ule ule, hivyo inahitaji unene zaidi na mikunjo ya kuikaza. Chuma ni cha bei nafuu, kinapatikana kila mji, na fundi yeyote wa barabarani anaweza kukitengeneza kwa mashine ya kawaida ya vijiti. Alumini ikipasuka mahali kama Ifunda au Chalinze, si rahisi kumpata mwenye mashine ya kuichomelea kwa gesi ya agoni. Uamuzi wangu ni huu: kwa anayekaa lami zaidi na ana fundi wa alumini karibu, achukue alumini ya milimita 2. Kwa anayekwenda mbali na miji, chuma cha geji 20 chenye kona zilizoimarishwa kwa vyuma vya pembe ni chaguo la busara zaidi.

Onyo kwa wanaotumia bati lililopakwa zinki: likichomelewa hutoa moshi unaodhuru mapafu na kuleta homa. Fundi aondoe zinki kwa grenda mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike nje penye upepo. Afya ya fundi ni sehemu ya gharama ya sanduku lako.

Kukunja na kuunga

Sanduku imara lina viungo vichache. Badala ya vipande sita vya bati, omba kipande kimoja kikunjwe kutengeneza mbele, chini na nyuma, kisha mbavu mbili ziongezwe. Kila mkunjo ni kiungo kimoja kilichopungua, na kila kiungo kinachopungua hupunguza mahali pa kupitisha maji na pa kutia bisibisi.

Angalia fundi anavyoweka alama. Wengi hukwaruza mstari wa kukunjia kwa msumari. Kwenye alumini mkwaruzo huo hugeuka mwanzo wa ufa: bati linapokunjwa huvutika upande wa nje, na mahali palipokwaruzwa ndipo huachia kwanza. Mwambie atumie kalamu ya wino. Mkunjo nao usiwe mkali kama ukingo wa kisu. Uwe na mviringo mdogo, usiopungua unene wa bati lenyewe. Alumini ngumu hupasuka ikikunjwa kwa ukali, hivyo fundi ajaribu kwanza kipande cha mabaki. Ukiona vimistari vyeupe kwenye mgongo wa mkunjo, bati hilo halifai kukunjwa hivyo.

Kama alumini haitachomelewa, iungwe kwa ribiti juu ya vyuma vya pembe vya alumini. Ribiti za milimita 4.8 zilizopangwa kila sentimita tatu hufanya kazi nzuri, tundu likiwa umbali wa angalau sentimita moja kutoka ukingo wa bati. Likikaribia zaidi, bati hupasuka kuelekea ukingoni. Kabla ya kupiga ribiti, paka gundi ya kuzuia maji katikati ya bati na pembe. Ukiipaka baadaye kwa nje, itabanduka kwa jua.

Ila kumbuka udhaifu wa ribiti: kichwa chake kikitobolewa kwa drili, ribiti hutoka. Kwa hiyo mahali pa bawaba, kufuli na mishikio ya keria patumike bolti, nati zikiwa ndani.

Kulifunga kwenye keria

Mwizi mwenye haraka hahangaiki na kufuli. Huinama, hutazama chini, na akikuta nati nne zinazokubali spana ya namba 13, huondoka na sanduku zima akalifungulie nyumbani. Suluhisho lake ni rahisi. Tumia bolti za kichwa cha duara laini, zile za mbao au milango, kichwa kikiwa upande wa nje wa keria na nati ikiwa ndani ya sanduku. Ili afikie nati lazima kwanza afungue mfuniko.

Chini ya sanduku weka ndoano mbili zinazokaa kwenye bomba la keria na kubeba uzito. Juu weka bolti mbili zinazozuia lisiruke. Ndani, nyuma ya kila bolti, weka kipande cha chuma cha milimita 3 chenye upana wa sentimita tano au zaidi ili uzito usambae. Bila hicho, tundu la bolti hupanuka polepole kwa mtikisiko mpaka bati lichanike. Kati ya sanduku na keria weka vipande vya mpira, na tumia nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko.

Mfuniko, bawaba na kufuli

Wanaovunja masanduku njiani hutumia zaidi vifaa vitatu: bisibisi bapa, mtaimbo mfupi na mkasi wa kukatia chuma. Kila kimoja kina dawa yake.

Dawa ya bisibisi ni mkunjo wa mfuniko. Kingo za mfuniko zishuke sentimita 2 hadi 2.5 nje ya mwili wa sanduku, zikiufunika. Bisibisi haitapata mwanya wa kuingilia kwa juu, na mvua itateleza nje. Ukingo wa mwili wa sanduku nao ukunjwe kwa ndani, ili usibonyee ukisukumwa.

Dawa ya mtaimbo ni sehemu mbili za kufungia badala ya moja ya katikati. Mfuniko wenye kufuli moja katikati huinuliwa kona, na mkono hupenya. Weka komeo mbili, kila moja sentimita sita au saba kutoka kona.

Upande wa bawaba mara nyingi husahaulika. Bawaba ya nje ina pini, na pini husukumwa kwa msumari mpaka itoke. Tumia bawaba ndefu ya mfululizo, iliyofungwa kwa ndani, na ncha zake zigongwe au zichomelewe. Kisha ongeza kinga ya pili: vipini viwili vya chuma vya milimita 8, vilivyoshikizwa kwenye mfuniko upande wa bawaba, ambavyo mfuniko ukifungwa huingia kwenye matundu mawili ya mwili wa sanduku. Hata bawaba ikikatwa yote, mfuniko hautainuka upande huo. Kazi hii humchukua fundi muda mfupi, na thamani yake inazidi kufuli la bei mbaya.

Dawa ya mkasi wa chuma ni kuficha upinde wa kufuli. Chagua kufuli lenye upinde mfupi na mnene wa chuma kigumu, kisha fundi achomelee kikasha kidogo cha chuma kinacholizunguka, kikiacha uwazi chini wa kupitishia ufunguo tu. Mkasi hautapata mahali pa kuuma.

Wapo wanaopenda vitasa vidogo vya kuzungusha, kama vile vya makabati ya ofisini. Vinapendeza, lakini vingi hukubali kuzungushwa kwa bisibisi yenye nguvu. Kufuli la kawaida lina faida nyingine kubwa kwa msafiri: ufunguo ukipotea Tunduma, utakata kufuli na kununua jingine duka la jirani, na sanduku litabaki zima. Nunua makufuli yanayofunguliwa kwa ufunguo mmoja. Ufunguo wa akiba uwe mwilini, mbali na ule wa pikipiki. Ndani ya tundu la ufunguo tumia unga wa grafaiti badala ya oili, kwa sababu oili hukusanya vumbi likawa tope gumu.

Pamoja na yote hayo, kufuli hununua muda tu. Pasipoti, fedha na simu visilale sandukuni. Epuka pia vyumba vya siri chini ya sanduku. Ofisa wa forodha wa Namanga au Tunduma akigundua chumba kilichofichwa, safari yako itageuka upekuzi wa saa nyingi. Mfuniko ufunguke mpaka mwisho na mzigo uwe ndani ya mfuko mmoja unaotoka kwa mkupuo, ili ukaguzi uishe haraka.

Maji, vumbi na chumvi

Mpira wa kuzuia maji uwe laini, wenye vitundu visivyopitisha, na mfuniko ukifungwa uubane mpaka upungue karibu robo ya unene wake. Ukibanwa kidogo hupitisha, ukibanwa kupita kiasi hulala na hauinuki tena. Uunganishe mahali pamoja tu, upande wa nyuma.

Kukagua, subiri usiku. Weka tochi inayowaka ndani, funga sanduku, zima taa za chumba uzunguke ukitazama. Mwanga unapotokea ndipo vumbi la barabara ya Kongwa litaingilia. Kesho yake pakia magazeti makavu ndani, umwagie sanduku maji ya bomba kwa dakika kumi kutoka kila upande, kisha fungua. Karatasi itaonyesha kwa doa mahali maji yalipopita.

Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar kuna adui wa tatu. Bolti ya chuma ikigusa alumini kwenye hewa yenye chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe kuizunguka bolti. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, weka washa za plastiki katikati, na paka grisi. Sanduku la chuma lipakwe praima na rangi nje na ndani, hasa kwenye mikunjo. Kutu huanzia ndani, chini, mahali maji yalipotuama.

Rangi nayo ni sehemu ya usalama. Chagua isiyong'aa, bila stika za majina makubwa. Ongeza tu vipande vya kuakisi mwanga nyuma na pembeni, ili madereva wakuone usiku.

Jaribio kabla ya safari

Mlipe fundi malipo ya mwisho baada ya jaribio, na mkubaliane hivyo tangu mwanzo. Jaza masanduku mifuko ya mchanga yenye uzito ule ule wa mizigo yako. Pandisha upepo wa matairi kufikia kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye mwongozo, ukipima matairi yakiwa ya baridi. Kaza shokapu kama inaruhusu. Rekebisha taa ya mbele, kwa kuwa uzito wa nyuma huiinua na kuwapofusha wanaokuja.

Endesha kilomita kama 30 zikiwemo za barabara mbovu na matuta. Jaribu breki taratibu mahali pasipo na magari. Usukani ukianza kuchezacheza, punguza mwendo bila kukanyaga breki ghafla, kisha urudi kupunguza uzito wa nyuma. Ukifika nyumbani, kaza bolti zote upya, kwani rangi na mpira hukaa na kulegeza kila kitu siku ya kwanza. Pangusa keria kwa kitambaa cheupe ukiangalia kila mahali palipochomelewa. Ufa mpya hujionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu au wa rangi iliyopasuka.

Rudia ukaguzi huo kila asubuhi ya safari, pamoja na upepo wa matairi na mnyororo. Hauchukui dakika tano.

Mwisho, neno kwako unayejiandaa kwenda kwa fundi. Nenda na karatasi yenye vipimo, picha ya pikipiki yako na orodha ya mambo matano usiyoyalegezea: keria isiyochomelewa kwenye fremu, nati zilizo ndani ya sanduku, mfuniko unaofunika ukingo, vipini vya upande wa bawaba, na taa zisizozibwa. Fundi mzuri ataheshimu orodha hiyo na huenda akaiboresha. Akikataa moja kati ya hayo matano bila sababu ya maana, chukua karatasi yako utafute fundi mwingine.